Maji ya Jumamosi

Mimi ndiye niliyemtoza Rogathe faini kwa kuoshea bomba la dawa mferejini. Nilimtoza mara mbili, na mara ya pili nilimwambia mbele ya watu kwamba mtu asiyejua tofauti ya mfereji na choo hafai kupewa zamu ya maji. Watu wakacheka. Rogathe alitoa jogoo wa faini, akarudi kukaa. Ni mjane wa binamu yangu, ananiita shemeji, na kwa haki mimi ndiye niliyepaswa kumtetea hata pale alipokosea. Lakini nilikuwa mwenyekiti wa kamati ya ndiva, na cheo hicho nilikipenda kupita kiasi. Nasema hivi mapema ili msije mkanionea huruma mahali pasipostahili.

Ndiva yetu ni bwawa la mawe na udongo ambalo mababu walilichimba ubavuni mwa mlima. Usiku kucha linapokea maji ya chemchemi. Asubuhi mwenye zamu anachomoa kizibo, maji yanashika mfereji mpaka shambani kwake, kisha anafuata mwingine na mwingine, na jioni wa mwisho anaziba. Kitongoji chetu kiko chini ya kijiji cha Mamba, pale mlima unapokwisha na nyika kuanza. Walio juu wanalima tangawizi. Sisi wa chini tunalima nyanya, na nyanya siku hizi bila dawa ni kazi bure, kwa sababu mdudu kantangaze anakula jani, akimaliza jani anaingia kwenye tunda. Kwa hiyo kila nyumba ina bomba la kupulizia la kubeba mgongoni, na kila bomba lazima lioshwe. Hapo ndipo ilipoanzia sheria yangu. Bomba lioshewe shambani, maji ya kusuuzia yamwagwe kwenye nyanya zenyewe, na mtu asionekane na bomba wala chupa ya dawa hatua hamsini kutoka kwenye maji. Tena anayeziba ndiva jioni ndiye atakayejibu kwa lolote litakaloonekana ndani yake mpaka itakapofunguliwa. Yote hayo niliyaandika kwa mkono wangu katika daftari la kamati.

Sisi huku karibu wote ni Wasabato. Tangu jua la Ijumaa linapozama mpaka la Jumamosi linapozama, hakuna anayeshika jembe. Zamani maji yaliyojaa usiku wa Ijumaa yalifurika yakapotelea vichakani. Mwaka ule wa ukame mbaya, Loserian, mfugaji wa Kimaasai ambaye boma lake liko nyikani chini yetu, alipanda mpaka kwangu akauliza yale maji tusiyoyatumia ni ya nani. Swali lake lilinipendeza. Tukakubaliana kwamba kila Jumamosi saa nne asubuhi watu wake watachomoa kizibo wenyewe, maji yafuate mfereji wa chini mpaka kwenye mbauti, lile birika refu la saruji la kunyweshea mifugo. Mbauti hiyo tuliijenga kwa msaragambo, watu wa mlimani na watu wa nyikani tukibebeshana mawe. Makubaliano niliyaandika mimi. Wageni wakija niliwasomea.

Sasa niseme habari ya Ijumaa.

Siku hiyo nilichelewa kupuliza kwa sababu asubuhi nilikuwa nasuluhisha ugomvi wa zamu. Nilipomaliza mstari wa mwisho jua lilikuwa limeshakaa juu ya nyika, jekundu. Dumu langu la maji ya kuoshea lilikuwa tupu. Kurudi nyumbani kuchota, nirudi shambani, nioshe, nishuke tena, jua lingenizamia bomba likiwa mkononi, na mimi ni mzee wa kanisa, mwalimu wa somo la Sabato, mtu wa kuwakemea wengine kwa kufua nguo Ijumaa jioni. Ndiva ilikuwa karibu. Nikabeba bomba mgongoni, chupa ya dawa mkononi, nikapanda.

Njiani nilipishana na Rogathe. Alikuwa ndiye wa mwisho katika zamu za siku hiyo, alikuwa ameshaziba tangu saa kumi, kisha akabaki kukata majani ya mbuzi. Alikuwa na mzigo kichwani. Alitazama bomba, akatazama chupa.

"Sabato njema, shemeji," akasema.

"Sabato njema," nikamjibu, nikaongeza mwendo.

Niliinama ukingoni, nikaingiza maji kwenye bomba, nikatikisa, nikamwaga. Ndani mlikuwa na dawa iliyobaki, kama lita tatu nne. Nikajiambia ndiva ni kubwa. Chupa nilikuwa nimeiweka juu ya jiwe, kifuniko sikukikaza. Nilipogeuka kuchukua bomba nikaigusa kwa kiwiko. Ilianguka ndani kwa mdomo, nusu chupa ya dawa kali isiyochanganywa na maji, na nilipoivuta kwa fimbo ilikuwa imeshajimwaga yote. Maji yakawa meupe kama yaliyotiwa maziwa, kisha weupe ukatanuka na kufifia.

Nilisimama pale. Ndiva ilikuwa ndiyo kwanza inaanza kujaa. Kufungua kizibo ilikuwa kazi, tena maji yangeshuka mferejini kila mtu akiyaona, na watu wangeuliza kwa nini. Jua lilikuwa limebaki kama kipande cha boga. Nikafikiri, na fikra yenyewe ilikuwa hii: kesho ni Sabato, hakuna anayemwagilia. Jumapili alfajiri nitapanda peke yangu nitayamwaga. Yamwagike wapi, yamuue nani, hilo sikulifikia. Nilichofurahia ni kwamba nilifika nyumbani kabla jua halijazama. Susana mke wangu alikuwa ameshaweka meza. Tuliimba, tukasali, nikalala vizuri. Usingizi ule mpaka leo unaniaibisha kuliko mambo mengine mengi.

Mtaniuliza niliwasahauje watu wa Loserian. Nimejiuliza mwenyewe mpaka nimechoka. Jibu ni kwamba Jumamosi sijawahi kwenda kwenye ndiva hata mara moja. Kwangu Jumamosi ni kanisa, ni wali, ni kutembelea wagonjwa. Maji ya Jumamosi niliyaandika katika daftari, nikayasomea wageni, lakini hayakuwa maji yangu, basi kichwani mwangu hayakuwapo.

Nikakumbuka kanisani. Ilikuwa saa tatu, saa ya ukutani ilikuwa mbele yangu. Nilikuwa nimekaa mbele kwa sababu nilitakiwa kuomba sala ya kufunga somo. Mwalimu wa siku hiyo alikuwa anaeleza kwamba pumziko la Sabato si la mwenye nyumba peke yake, ni la mifugo pia, na la mgeni anayekaa kwenye mipaka yetu. Aliposema mifugo, nikaitazama saa. Nikaiona mbauti. Nikamwona Loserian na fimbo yake, na ng'ombe wakishuka kwa foleni kwenye vumbi.

Kutoka kanisani mpaka kwenye ndiva ni mwendo wa nusu saa, kwa bodaboda ni dakika kumi. Nilikuwa na saa nzima. Simu ilikuwa mfukoni na namba ya Loserian ilikuwamo. Nilichotakiwa kufanya ni kusimama.

Sikusimama. Nilijua nikitoka kila shingo itageuka, na nikirudi nitaulizwa. Nikaanza kujadiliana na nafsi yangu kama mwanasheria. Maji yamejaa usiku kucha, dawa imeshazimuliwa. Ng'ombe ni mnyama mkubwa. Pengine leo watachelewa. Pengine hawatakuja kabisa. Saa ikasogea. Nikaitwa kuomba, nikaomba sala ndefu, nikawaombea wasafiri, wagonjwa na wajane. Nilipofumbua macho ilikuwa imepita saa nne.

Jumapili sikuwahi kupanda. Habari zilipanda kabla yangu. Aliyeanza kuanguka ni ndama, kwa sababu ndama walitangulizwa. Mate yalimtoka kama povu la sabuni, miguu ikatetemeka, akalala ubavu. Kabla watu hawajaelewa, wakubwa walikuwa wameshaingiza midomo. Walikufa watano. Naisula, mke wa Loserian, alikuwa ameshajaza madumu mawili ya nyumbani, ya kupikia na kunywa. Alipoona ndama anagaagaa aliyamwaga yote chini. Watu walisema ndama yule ameokoa boma zima. Mimi niliposikia hivyo niliingia ndani nikajifunika shuka, na Susana akadhani nimepata malaria.

Bwana mifugo alipanda kutoka Same mjini Jumatatu. Akatazama mizoga, akasema hii ni sumu ya aina tunayopulizia nyanya, nyama isiliwe, mizoga ifukiwe kwa kina mbali na korongo. Akachukua maji kwenye chupa. Akasema pia ndiva isitumike mpaka ikaushwe na tope lake likombwe, na hata hapo tusubiri atakapotuambia. Ilikuwa katikati ya msimu. Nyanya za kitongoji kizima zilianza kusinyaa siku ile ile, zangu na za wasio na kosa.

Jumanne tukakutana penye ndiva. Watu wa mlimani walikaa upande mmoja juu ya mawe. Loserian na Naisula walisimama upande wa pili na wenzao wachache. Mimi nilikuwa na meza ndogo, daftari na kalamu. Loth, mjumbe wa kamati ambaye hasira zake huwa zinatangulia akili, hakungoja nifungue kikao.

"Mwenyekiti, hatuna haja ya maneno mengi," akasema. "Sheria ni msumeno. Soma ni nani aliziba Ijumaa."

Nikafungua daftari. Nilijua kilichomo, nilikiandika mimi. "Rogathe," nikasoma.

Watu wakaguna kwa pamoja. Ilikuwa miguno ya watu waliokuwa wamekwisha kuhukumu tangu nyumbani, na waliojifunza kuhukumu hivyo kutoka kwangu.

"Huyu ametozwa mara mbili kwa kosa hili hili," Loth akasema. "Mimi naona anyang'anywe zamu, na hao ng'ombe awalipe yeye. Tumemvumilia vya kutosha."

Kumnyang'anya Rogathe zamu ni kumwambia ahame. Ana shamba moja. Na ng'ombe watano angewalipa kwa nini, kwa mbuzi wawili? Nikamwambia asimame ajitetee. Sauti yangu ilitoka kama ya mtu mwingine, yenye adabu ya kikao.

Rogathe akasimama. Alikuwa amejifunga kanga kiunoni kama mtu aliyetoka kulima na atakayerudi kulima.

"Niliziba saa kumi," akasema. "Nilipoziba, maji yalikuwa safi. Bomba langu siku hiyo lilikuwa nyumbani."

"Nani alikuona?" Loth akauliza.

Rogathe hakumtazama Loth. Alinitazama mimi. Nikangoja aseme. Kweli nilitamani aseme, ili liwe limetoka kwa mwingine, nipate hata nafasi ya kukasirika. Hakusema. Angesema, nani angemsikiliza? Nilikuwa nimekwisha kumharibia neno lake mbele ya watu, mara mbili, na jogoo nikawala.

"Shemeji," akasema, "kalamu unayo wewe. Andika unachokijua."

Akakaa.

Nikaiinamia karatasi. Kuna watu waliosema baadaye kwamba nilikuwa jasiri. Hapana. Mkono ulikuwa umeshaandika herufi ya kwanza ya jina lake, nauona mpaka leo ule mstari, na sijui kilichouzuia isipokuwa kwamba aliniita shemeji. Nikakata. Nikaandika jina langu, Sifael. Kisha nikasimama nikasoma nilichoandika, na kwa kuwa hakuna aliyeelewa, nikalazimika kueleza.

Nikasema nilipanda na bomba Ijumaa jua likizama. Nikasema niliosha humu ndani. Nikasema chupa ilianguka, nusu chupa ya dawa ikamwagika, na sikumwambia mtu.

"Mwenyekiti, unaumwa?" Loth akauliza kwa upole ambao sijawahi kuusikia kwake.

"Siumwi."

Nilikuwa nimejiandaa kwa matusi, na matusi hayakuja. Nyani haoni kundule, lakini siku ile nililiona, na kitongoji kizima kililiona pamoja nami.

Loserian akasogea mpaka mbele ya meza. Tumejuana miaka mingi. Alikuja kwenye harusi ya binti yangu, nami nilikwenda kwenye tohara ya wanawe.

"Mzee Sifael," akasema, "Naisula aliniambia maji yananuka. Mimi mwenyewe niliona povu kidogo. Siku nyingine zote, maji yakitoka kwenu, mimi nanusa kwanza, maana najua mnapuliza. Jumamosi sinusi. Nilimwambia Naisula, leo ni siku ya Mungu wao, leo hawagusi dawa, haya ni maji safi kuliko ya siku zote."

Nikashika meza.

"Nakuuliza kitu kimoja," akaendelea. "Ulikumbuka lini kwamba Jumamosi ni maji yangu?"

Hapo palikuwa na mlango wa kutokea. Ningesema Jumapili, niliposikia msiba. Ningeonekana mzembe, na uzembe watu huusamehe. Susana alikuwa amekaa pale mbele, hajui lolote, ananitazama. Nilitamani sana kusema Jumapili.

"Jumamosi," nikasema. "Nikiwa kanisani. Saa tatu."

Loserian akageukia ndiva. "Sisi tulichomoa saa nne."

"Ndiyo."

"Simu yangu ilikuwa wazi."

"Ndiyo. Nilikuwa na namba."

Susana alishusha kichwa, akajifunika uso kwa ncha ya kanga. Nimeishi naye miaka thelathini na minne na sijawahi kumpa aibu ya namna hiyo.

Ng'ombe nilimlipa, hilo halina hadithi. Uenyekiti ulikwisha pale pale, na kanisani nikaambiwa nipumzike kufundisha. Ndiva tuliikausha kwa msaragambo wa siku nne. Tope lilibebwa kwa karai likazikwa kwenye shimo kavu mbali na mfereji, na nilipofika na karai langu watu walinipisha kwa heshima iliyoniuma kuliko tusi. Hatukumwagilia karibu mwezi mzima, mpaka bwana mifugo alipoleta neno kwamba maji yamepimwa na yako salama. Nyanya zilikufa zikiwa na matunda. Tulichimba shimo la kuoshea mabomba huko juu penye mwamba, likawekwa kokoto na mkaa, na kila chupa tupu siku hizi inasuuzwa mara tatu, inatobolewa na kurudishwa kwa anayetunza daftari. Anayetunza daftari ni Rogathe. Faini ya kwanza aliyoiandika ni yangu, jogoo wawili. Niliwapeleka nyumbani kwake. Aliwapokea, akawafunga miguu, akasema "Asante, shemeji," akarudi kwenye kazi zake. Nilikuwa nimeandaa maneno ya kuomba radhi, ya kutosha kujaza kikao. Yalibaki mdomoni.

Lakini Loserian alikataa kurudi kwenye maji. Ndiva ilijaa, Jumamosi ikafika, hakuna aliyepanda kuchomoa. Ng'ombe wake walikuwa wanapelekwa mbali, siku nzima kwenda na kurudi, na walikuwa wamekonda. Nilishuka kumwomba. Alinisikiliza mpaka mwisho, akatoa sharti lake bila hasira, kama anayepanga siku ya mnada.

"Utakunywa wewe kwanza," akasema. "Utakunywa saa tatu. Saa nne, kama bado umekaa vizuri, tutachomoa."

Kwa hiyo Jumamosi siku hizi, wenzangu wanapoingia kanisani, mimi nashuka nyikani. Naisula anakuwa amekwisha kupanda kwenye ndiva kuchota. Kuchota hawaniachii mimi. Anashuka na dumu, anamimina kwenye kikombe cha bati, ananipa kwa mikono miwili kama mgeni. Nakunywa mpaka chini. Kisha nakaa juu ya ukingo wa mbauti tupu.

Ng'ombe wanakuwapo. Wameshanusa maji kwenye dumu na wanalia kwa kiu, wanasukumana, wengine wanakuja kulamba saruji kavu karibu na mguu wangu. Loserian amesimama na simu mkononi, anatazama saa. Nilikuwa sijui saa moja ina urefu gani. Kanisani ilipita upesi, niliijaza kwa visingizio na sala. Hapa haina cha kuijazia, na dakika zote nasikia ng'ombe.

Ikifika saa nne Loserian anaita kuelekea mlimani, na watu wake huko juu wanachomoa kizibo.